Kidonge Alichomeza Peke Yake

Aliyepiga kelele alikuwa mteja, si mimi.

Nilikuwa nimeshamaliza kumsuka. Nywele zilikuwa zimelala vizuri mgongoni, na kilichobaki kilikuwa kuchovya ncha kwenye maji ya moto ili misuko isifumuke. Saluni hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo. Unashika fungu la misuko kwa juu, unazamisha ncha kwenye beseni, unazitoa, unazikausha kwa taulo. Mkono haugusi maji. Hata anayejifunza wiki ya kwanza anajua hivyo, na mimi nimesuka vichwa vya watu tangu sijaanza kuvaa sidiria. Wateja wananiita Mashine.

"Mashine! Mkono! Jamani, mkono wake!"

Nikashusha macho. Vidole vyangu vya kushoto vilikuwa ndani ya beseni, pamoja na nywele. Maji yalikuwa bado yanafuka moshi. Niliutoa mkono kwa sababu mteja alikuwa ameruka kwenye kiti na anakaribia kulia, si kwa sababu uliniuma. Vidole vilikuwa vyekundu, vinang'aa. Maumivu yalikuja baadaye, tena kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya pili.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye saluni, alinikokota mpaka kwenye bomba la nyuma akafungulia maji ya baridi. Alinishika mkono kwa nguvu kama vile nitatoroka.

"Hukusikia?"

"Nimesikia."

"Usinidanganye mimi. Nilikuwa nakuona kwenye kioo. Unacheka na mteja, mkono umo ndani ya maji ya moto. Unacheka!"

"Nilipitiwa, dada."

"Mtu anapitiwa akasahau chumvi kwenye chungu. Hapitiwi akasahau mkono wake mwenyewe."

Nikatazama maji. Ukweli ni kwamba sikujua mkono wangu uko wapi. Nilidhani uko juu, kwenye fungu la nywele, pale nilipouweka. Kama mteja asingegeuka, ningeendelea kuhadithia kisa changu hadi mwisho huku ngozi inatoka.

Na haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeanza miguuni. Siku moja nilitoka nyumbani nimevaa kandambili mbili nikafika saluni na moja, na wala sikujua mpaka dada aliponiuliza kama huo ndio mtindo mpya. Saluni nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaingia chooni, nikajifungia, nikawa naukwaruza unyayo kwa meno ya kitana nikijaribu kuusikia. Baadaye ganzi ikahamia mikononi. Pini zikaanza kuniponyoka. Mistari niliyozoea kuipasua kichwani huku nimefumba macho ikaanza kwenda kombo, na wateja wa miaka wakawa wananitazama kwenye kioo wasiseme kitu. Ulimi nao ulikuwa unawaka hata nikinywa maji. Majina ya watu yalikuwa yananikimbia.

"Mimba hiyo," dada alikuwa amesema wakati ule, huku anatabasamu. "Mimi nilikuwa hivyohivyo."

Haikuwa mimba. Hata hivyo alinipa vidonge vya kuongeza damu vilivyombakia alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho, na vilipokwisha tukanunua vingine. Nilivimeza kwa imani. Kizunguzungu kikapungua, nikaacha kuhema nikipanda ngazi. Nilipokwenda kupima, yule wa maabara akaniambia damu yangu ni nzuri, hata yeye anaitamani. Tukafurahi. Ganzi haikuondoka, lakini nani atalalamikia ganzi wakati damu ni nzuri?

"Kesho asubuhi nakupeleka hospitali," dada alisema sasa, huku ananifunga kitambaa. "Na safari hii utasema kila kitu. Sitaki kuzungukazunguka."

"Baba asijue."

"Baba akijua, hakuna harusi. Unafikiri silijui hilo?"

Ndiyo, kulikuwa na harusi. Shela lilikuwa tayari linaning'inia kabatini kwake.

Inabidi nieleze kuhusu bwana harusi, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu. Saluni walimpa jina la Mchicha na likamkaa. Kazi yake ni kuchora mabango ya maduka. Baba yangu ana bucha, na ni baba mwenyewe aliyemleta maishani mwangu, jambo ambalo mpaka leo hapendi kukumbushwa. Alimwita amchoree ng'ombe juu ya mlango. Mchicha akachora ng'ombe mwenye kope ndefu na macho ya huruma, anayemtazama kila mpita njia kana kwamba anamfahamu. Baba akatoka nje, akamtazama ng'ombe, akamtazama mchoraji.

"Nilitaka ng'ombe wa kuuza," baba alisema. "Wewe umenichorea ng'ombe wa kuposwa."

Nilikuwa ndani ya bucha nimeshika sahani ya chakula cha baba. Nilicheka hadi sahani ikanitoka. Kijana juu ya ngazi akageuka kutazama nani anacheka, na macho yetu yalipokutana nilihisi joto limenipanda shingoni. Nimewahi kutazamwa na wanaume wengi, lakini huyo alinitazama kama mtu aliyesahau alichokuwa anafanya. Brashi ilikuwa inadondosha rangi kwenye kiatu chake na hakuwa na habari.

Kumbe mchora ng'ombe hali ng'ombe. Hali kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Siku aliyokuja nyumbani kujitambulisha, baba alimkalisha mbele yake, akamhoji mbele yetu sote.

"Kijana, nyama huli."

"Sili, mzee."

"Samaki?"

"Sili."

"Yai? Maziwa?"

"Hapana, mzee."

"Asali je, mwanangu?" mama akauliza kwa huruma.

"Hata asali, mama."

"Sasa nyuki naye alikukosea nini?" baba akasema, na wajomba wakaangua kicheko. Baba mwenyewe hakucheka. "Huyu binti atakula nini kwako?"

"Maharage, dengu, karanga, ufuta, mboga za majani, matunda. Mimea ina kila kitu ambacho mwili unahitaji."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mzee."

"Maana nasikia watu wa namna yako wanatembea na makopo ya vidonge. Mimi msimamo wangu ni huu: chakula kinachohitaji kidonge pembeni si chakula, ni njaa iliyopambwa. Nikisikia unameza dawa ili uweze kusimama, binti sikupi. Na siku nitakayomwona amedhoofu, nitamrudisha hapa hata kama ameshavaa shela."

"Sina haja ya kidonge chochote, mzee," Mchicha alijibu, na hakupepesa jicho.

Nilimpenda mara mbili kwa jibu lile. Mwanaume wa kusimama mbele ya baba yangu bila kutetemeka nilikuwa sijamwona. Kuanzia wiki ile nami nikaacha nyama, nikaacha mayai, nikaacha maziwa. Hakunilazimisha. Hata hakuniomba. Nilitaka tu kula alichokula yeye, kutoka sufuria moja, na nilipoacha niliacha kweli, sikuwa mtu wa kuiba mchuzi jikoni kwa mama. Huu ni mwaka wa tatu.

Wasiwasi uliingia siku dada alipopita mahali Mchicha alipokuwa anachora. Alimkuta amegeukia ukutani, kichwa amekirusha nyuma, anameza kidonge. Alipomwona dada akatia kichupa mfukoni haraka, akaanza kuongelea hali ya hewa.

"Kichupa hakina hata karatasi," dada aliniambia. "Amekibandua. Mwanaume mzima anageukia ukuta kumeza kidonge, hiyo si dawa ya kichwa, mdogo wangu. Mtu anaficha ugonjwa hapo. Na wewe angalia ulivyo siku hizi. Muulize."

Sikumuuliza. Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kupanga pini. Lakini tangu siku ile, kila nilipoamka na miguu isiyokuwa yangu, nilikuwa nafikiria kile kichupa. Nilijiambia ana kitu, na amenipa, na anajua. Kisha nilikuwa namwona anakuja jioni na rangi kwenye kucha, ananiletea embe alilolimenya kabisa kwa sababu vidole vyangu havikuwa vinashika kisu vizuri, na nilikuwa nasema moyoni: hata kama ni hivyo, nitakaa naye. Tutameza pamoja. Nilishamsamehe kabla sijajua kosa lenyewe.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Hakuanza na vidole vilivyoungua. Aliniambia nivue viatu, nikae kitandani, nifumbe macho. Akagonga chuma chenye pembe mbili kwenye kiganja chake, nikakisikia kinalia.

"Nakuwekea kwenye kidole gumba cha mguu. Kikitetema, niambie."

Nikasubiri.

"Bado hujaweka," nikasema.

Nilisikia akipumua. Baada ya muda akasema, "Sasa je?"

"Bado."

"Sasa?"

"Hapo ndiyo, kidogo."

"Fumbua macho."

Chuma kilikuwa kwenye goti. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Daktari akanishusha kitandani, akanisimamisha katikati ya chumba miguu imekaribiana, akaniambia nifumbe macho tena na nisimame tu, nisifanye kitu. Nikawaza, hiki nacho ni kipimo gani, hata mtoto anasimama. Nilifumba. Kitu nilichokumbuka baada ya hapo ni mikono yake kifuani kwangu na sauti ya dada akiita jina la Mungu. Nilikuwa naanguka, na mimi nilidhani nimesimama wima.

"Unakula nini?" daktari aliniuliza tulipokaa.

Nilimweleza. Maharage, dengu, mboga, karanga. Nilieleza kwa majivuno kidogo, nakiri, kwa sababu watu wengi hunidharau wakisikia.

"Ni chakula kizuri," alisema, nami nikashangaa. "Sina ugomvi nacho. Mtu anaweza kuishi bila nyama wala maziwa hadi akaota mvi. Madini ya chuma anayapata kwenye dengu na maharage akila na tunda chachu, kalisiamu kwenye ufuta na mboga za majani. Lakini kuna vitamini moja mimea haina. Inaitwa B12. Hiyo ndiyo inayotunza ala ya mishipa ya fahamu, ule mfuniko wa nje, kama plastiki ya waya wa umeme. Mwili huwa na akiba. Ukiacha vyakula vya wanyama, unaishi kwa akiba yako mwaka, miaka, ukidhani mambo ni shwari. Yako imeisha."

"Lakini damu nilipima, daktari. Ilikuwa nzuri."

"Unatumia dawa yoyote?"

Dada akajibu kwa sauti ndogo. "Vya kuongeza damu. Vile vya wajawazito."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Vile vina asidi ya foliki. Ndiyo imeisafisha damu yako ikaonekana haina tatizo, na kila aliyekupima akakuambia nenda nyumbani. Foliki haijui kutunza neva. Wakati mnafurahia damu, neva zilikuwa zinaendelea kuliwa."

Dada akaanza kulia kimyakimya. Nilitaka kumshika bega nikaogopa nitamkosa.

"Zitarudi?" nikauliza. "Mimi ni msusi, daktari. Sina kazi nyingine."

"Tunaanza sindano leo hii. Nyingine zitarudi, polepole. Nyingine siwezi kukuahidi. Ungekuja mapema ningekuambia neno zuri zaidi." Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Nani alikufundisha kula hivi bila kukuambia kuhusu B12?"

"Mchumba wangu. Anakula hivi tangu zamani. Na yeye mzima kabisa, ana mkono wa kuchora mstari bila rula."

"Basi anameza kidonge. Asiyekula kitu cha mnyama na anajua anachofanya lazima ameze, au ale vyakula vilivyoongezwa hiyo vitamini kiwandani. Hakuna njia ya tatu. Kama ana miaka yote hiyo na ni mzima, anameza."

Mimi na dada tukatazamana. Sindano iliingia begani na niliisikia vizuri sana, na nakumbuka nilifikiria kwamba begani bado nipo.

Sikurudi saluni. Dada alitaka kunisindikiza, nikamkatalia, akataka kunibishia, akauona uso wangu akaacha. Mchicha alikuwa na kazi kwenye duka jipya la miwani, na nilijua mtaa wake. Nilitembea nikiangalia miguu yangu hatua kwa hatua, kwa kuwa nisipoiangalia sina hakika kama inakanyaga. Watu walinipisha. Nadhani walidhani nimelewa.

Alikuwa juu ya ngazi, anamalizia jicho kubwa la bluu. Aliponiona akateremka haraka, tabasamu likaanza, kisha akaona kitambaa mkononi likazimika.

"Umefanyaje mkono?"

"Nimeuchovya."

"Umeuchovya wapi? Njoo ukae. Njoo." Akanikalisha kwenye benchi la mbao nje ya duka, akakaa karibu, harufu yake ya rangi na sabuni ikaniingia puani na mwili wangu msaliti ukataka kumwegemea. "Nani amekufunga hivi? Mbona hukuniita?"

"Unameza nini, Mchicha?"

"Nini?"

"Kile kichupa. Unachogeukia nacho ukutani."

Hakuuliza kichupa gani. Hilo nililishukuru, kwamba angalau hakunifanya mjinga mara ya pili. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Niambie una ugonjwa," nikasema. "Nakuomba. Niambie una ugonjwa mbaya, hauponi, umenificha kwa aibu. Nimeshajiandaa. Miezi yote hii najiandaa. Huo nitakusamehe hapahapa."

"Sina ugonjwa."

"Basi ni nini?"

"Vitamini," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "B12."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kula hivi. Kabla sijakujua."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua kinachotakiwa na mwili hakimo kwenye dengu, hakimo kwenye maharage, na unanipakulia. Unaniambia ongeza, mpenzi, ongeza. Unameza chako, unarudi mezani, unanipakulia."

"Nilipanga kukwambia! Siku ya kwanza kabisa uliyoniambia umeacha nyama, nilikuwa na kichupa mfukoni nikupe. Halafu nikakumbuka baba yako." Aliongea haraka, maneno yanapandana. "Nilishamwapia mbele ya wajomba zako. Nikikupa wewe, utakiweka nyumbani kwenu, mama yako atakiona, baba yako atajua nilidanganya. Alisema binti hatoi. Ulimsikia. Nikasema acha kwanza tuoane, nikishakuweka kwangu nitakwambia siku ileile. Nikasomasoma, nikaona akiba ya mwili inaweza kukaa miaka. Nikapiga hesabu nikaona harusi itawahi."

"Harusi itawahi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unashindanisha harusi na mishipa yangu."

"Usiseme hivyo."

"Na nilipoangusha pini? Nilipopoteza kandambili ukanichekea? Ulipoanza kunimenyea embe?" Sauti yangu ilikuwa imepanda na mwenye duka la miwani alichungulia akarudi ndani. "Ulikuwa unanimenyea embe kwa sababu ulikuwa unajua!"

Aliinamisha uso hadi kwenye magoti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijawahi kumwona mwanaume akilia hivyo, na aibu yangu ni kwamba nilimhurumia. Nilimpenda palepale, kwenye benchi lile, kama nilivyompenda siku ya ng'ombe. Nilidhani mapenzi yangekatika kama uzi, lakini yalikuwa bado yapo mazima, hayana pa kwenda.

"Nilipoona vidole nikaogopa," alisema. "Nikasema labda ni uchovu. Uliponiambia damu yako imepimwa ni nzuri, nikashukuru Mungu, nikasema basi si hiyo. Nilitaka kuamini. Wewe pia ulitaka kuamini."

"Mimi sikuwa na kichupa."

Gari lilipita, vumbi likatua juu ya makopo yake ya rangi, na kwa kawaida angekimbia kuyafunika. Hakusogea.

"Daktari amesemaje?" akauliza mwishowe.

"Nyingine zitarudi. Nyingine haahidi."

"Twende kwa baba yako. Sasa hivi. Nitamwambia mimi mwenyewe, kila kitu, nilivyomwapia na nilivyomeza. Anipige, anifukuze, sijali. Kisha nitakupeleka sindano zote, nitakaa nawe, nitakufulia, nitakupikia..."

"Utanipikia."

Akafumba macho.

"Kama ungemwambia baba ukweli siku ile," nikasema, "angekufukuza. Ningetoka nyuma yako. Unajua hilo? Ningekufuata na nguo nilizovaa. Ulikuwa huna cha kupoteza, Mchicha. Nilikuwa wako tangu ulipodondosha rangi kwenye kiatu."

"Sikujua."

"Ulijua kila kitu. Mimea ina kila kitu, na wewe unajua kila kitu."

Nilimtazama usoni muda mrefu, nikayatazama yale macho niliyokuwa nimepanga kuyaona kila asubuhi mpaka uzeeni. Yalikuwa mekundu, na yalikuwa yananiomba. Nilijua nikibaki hapo kidogo tu nitasema ndiyo. Nitarudi naye, nitamkataza kwenda kusema, tutadanganya pamoja, baba hatajua, shela litatoka kabatini. Nilihisi neno hilo limefika kwenye ulimi unaowaka.

"Naomba kitu kimoja," nikasema. "Usinishike. Najua unataka kunishika. Ukinishika sitaweza kuondoka."

Uso wake ukabadilika. Aliniangalia kwa hofu ambayo sikuielewa, kisha akashusha macho yake polepole kwenye nafasi iliyokuwa kati yetu kwenye benchi. Nami nikashusha yangu.

Mkono wangu wa kulia, ule mzima, ulikuwa ndani ya viganja vyake viwili. Alikuwa ameubana hadi kucha zake zimegeuka nyeupe.

"Nimekushika muda wote," alisema.